Mita Haihongwi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata dawa! Si dawa ya goti la Bibi. Hiyo ipo, ni ya kuchua, na inanuka kafuri chumba kizima. Nimepata dawa ya vikao vya familia yetu.

Niandike kwa utaratibu, kama Mwalimu wa Uraia anavyotaka. Wiki tano zilizopita Bibi aliteleza kwenye ngazi za jengo letu, akaumia goti. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi ni hamsini na moja. Tangu siku ile hajashuka hata moja. Shangazi, ambaye ni muuguzi na anakaa nyumba ya chini karibu na stendi, anataka Bibi ahamie kwake. Baba anasema mama yake si kabati la kuhamishwahamishwa. Baba Mdogo anasema ndiyo. Anamwambia Shangazi ndiyo, anamwambia Baba ndiyo. Kwa hiyo tunamwita Bendera.

Vikao vitatu vimekaliwa. Cha kwanza kilivunjika Shangazi aliposema nyumba yetu ni mnara. Cha pili Baba alikumbusha kwamba mwaka fulani Shangazi alimsahau Bibi kituo cha basi saa nzima. (Shangazi: dakika ishirini, na alikuwa na mwavuli!) Bibi alitoka kwenda jikoni, akarudi macho mekundu, akasema ni vitunguu. Siku hiyo hatukuwa tumepika. Cha tatu hakikuanza kabisa. Waligombania nani akifungue.

Mimi nina sababu yangu. Bibi analala kitanda cha pili chumbani mwangu. Alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo mikono haitulii, ila macho hayaoni tundu la sindano. Basi kila jioni, jua likiwa bado dirishani, namtungia sindano kumi, nyuzi za rangi mbalimbali, nazichomeka kwenye kimto chake. Kesho yake anashona bila kumwomba mtu. Ananiita mke mwenzangu. Anakoroma kama birika.

Akiondoka... Sitaandika hilo.

Sasa dawa. Somo la leo lilikuwa Uamuzi wa Pamoja. Mwalimu alisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, kwa hiyo kundi likikwama liite mwezeshaji kutoka nje. Mtu asiye na upande. Hatoi maoni. Anasikiliza, anagawa zamu, anaandika kwenye karatasi kubwa, na watu wanaamua wenyewe. Niliandika yote na kupigia mstari kwa rula.

Mpango wangu: nimtafute mtu asiye na upande wowote kabisa, ambaye akikaa akafikiri vizuri ataona upande wetu.

Jumanne, 4 Juni

Nimetafuta. Watu wasio na upande ni adimu kuliko nilivyodhani.

Kinyozi: anamnyoa Baba. Isitoshe, kwake anayetakiwa kunyamaza ni mteja.

Mfamasia: nilimweleza vizuri, akaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye busara. Kisha nikataja Shangazi. Akaangusha chupa ya dawa ya kikohozi. Akauliza kama Shangazi bado anafanya zamu za mchana. Huyo ana upande, tena ameushonea kola.

Mwalimu wa Uraia mwenyewe: alisema amefurahi sana ila hawezi, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wake. Nikasema nitakaa kimya. Akasema tatizo si mimi tu. Asubuhi mwanafunzi wa kidato cha pili mkondo wa B amekuja na ombi hilohilo, la bibi huyohuyo.

Asilimia!

Asilimia ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi. Tumezaliwa mwaka mmoja. Hajibu swali bila hesabu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha atakwambia ana uhakika asilimia sitini na tano. Nilimkuta bombani wakati wa mapumziko, akaniambia ana uhakika asilimia themanini kwamba sitampata mwezeshaji, na asilimia mia kwamba ameshamshonea Bibi pazia. La manjano.

Bibi anapenda manjano. Sikuwa nimefikiria pazia.

Jumatano, 5 Juni

Nimempata! Alikuwa anakuja mwenyewe kila tarehe tano na sisi tunampita tu.

Dada wa Mita. Anasoma mita za maji za jengo zima na za mtaa mzima. Ovaroli ya buluu, buti, tochi shingoni kwa kamba. Leo nilimfuata tangu chini. Mama Dobi, anayefua nguo za watu ghorofa ya chini, alimwambia asihangaike kuinama, aandike tu mia nne na kumi, amesoma mwenyewe asubuhi kwa macho yake mawili. Dada wa Mita akamshukuru, akapiga magoti, akawasha tochi, akasoma. Ilikuwa mia nne na sitini. Mama Dobi akasema maji siku hizi yanakimbia.

Ghorofa ya pili hapakuwa na mtu. Mita yao iko ndani. Jirani wa mlango wa pili akasema hao hawatumii maji mengi, si akisie tu? Akakataa. Akaandika: mlango umefungwa, nitarudi. Akaniambia kule ofisini hakuna kitu kinacholeta ugomvi kama makadirio. Watu wanaweza kulipa maji waliyokunywa, lakini ukiwaandikia maji uliyoyafikiria watakuja na fimbo.

Nilitaka kupiga makofi. Badala yake nikamwomba aongoze kikao chetu Jumamosi saa kumi alasiri.

Alicheka mpaka mwanga wa tochi ukacheza ukutani. Kisha akaona sicheki. Akazima tochi, akakaa kwenye ngazi, akasema nimweleze. Nilipomaliza alikubali kwa masharti mawili: asipewe kitu chochote, na asiambiwe neno lolote kabla ya kikao.

Nikakubali. Kisha nikamwambia neno moja tu, dogo: kwamba Bibi ametuzoea sisi.

Akanishika bega. Akasema, "Mdogo wangu, mita haihongwi."

Hata hivyo nimeifuta mita yetu kwa kitambaa chenye unyevu na kumwondoa buibui. Huo ni usafi, si rushwa.

(Asilimia amemkubali pia. Kasema Dada wa Mita anasoma na mita yao, na nyumba zote mbili ameshazipa onyo la bomba linalovuja. Uwiano ni hamsini kwa hamsini.)

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kuwashawishi wakubwa.

Baba hakutaka kusikia. Aliuliza tumefikia wapi hata mambo ya ndani yaamuliwe na watu wa maji. Mama, aliyekuwa anapiga pasi, akasema afadhali watu wa maji kuliko watu wa zimamoto, maana kikao cha tatu kilikuwa kinaelekea huko. Baba akacheka bila kutaka. Nikaandika: amekubali.

Shangazi kwa simu: aliuliza huyo dada ana ujuzi gani. Nikasema hamwamini mtu yeyote. Shangazi akasema huo ni ujuzi. Akauliza tena kama atakanyaga zulia na buti.

Bendera: ndiyo.

Sasa sehemu ya siri. Ili kikao kisiwe na upande, ni lazima mtu apange viti vizuri. Bendera hukubaliana na aliyeongea mwisho. Hilo linajulikana tangu wakiwa watoto, ndivyo alivyonunuliwa viatu vya namba ya kaka yake. Kwa hiyo zamu zianze kwa Shangazi, zizunguke meza, ziishie kwa Baba, na baada ya Baba aje Bendera. Hakuna uongo hapo. Ni viti tu.

Kisha nikafikiri juu ya Bibi. Daftari langu linasema mwenye maslahi makubwa asiongoze kikao. Nani ana maslahi makubwa kuliko Bibi? Na kuna vile vitunguu. Sitaki kuviona tena. Nimeamua: Bibi asiwepo. Jumamosi Bendera atambeba mgongoni mpaka kwa Mama Dobi, ambaye ana kikapu cha mashati ya wateja yaliyokatika vifungo na hana muda.

Nilimwambia Bibi kuhusu vifungo tu. Alinitazama muda mrefu juu ya miwani.

"Mke mwenzangu," akasema, "una jambo."

Nikasema sina. Nikamtungia sindano kumi na mbili badala ya kumi.

Ijumaa, 7 Juni

Maandalizi na mapigo.

Karatasi kubwa: Baba ni mpiga chapa, ameniletea mabango ya sarakasi yaliyoharibika. Nyuma ni meupe, ila ukiyasimamisha dirishani sura ya kinyago inapenya na kutabasamu katikati. Hapana budi.

Nilifanya mazoezi ya kikao kwa kutumia viatu. Kiatu cha Baba, kandambili ya Mama badala ya Shangazi, buti la mvua badala ya Bendera. Kikao kilikwenda vizuri sana. Buti lilikubali.

Saa kumi na moja akaja Asilimia, eti kukagua ukumbi. Ukumbi! Ni sebule. Akapima nafasi kati ya viti kwa rula. Akainua kitambaa cha meza kutazama kama meza imekaa sawa, na chini yake akakuta ramani yangu ya viti, yenye mishale.

Aliisoma yote. Akauliza kama huku ndiko kutokuwa na upande. Akasema kwa heshima zote nimemkatisha tamaa asilimia tisini na tano. Kisha alipotoa leso kufuta rula, ikadondoka karatasi mfukoni mwake. Nikaiokota mimi. Viti vyetu. Mishale. Imeanzia kwa Baba, imeishia kwa Shangazi, kisha Bendera.

Tulitazamana. Tukala biskuti moja ya kikao, tukaigawa kwa rula.

Aliniuliza, kwa sauti ambayo si yake ya hesabu, kama ni kweli Bibi anakoroma. Nikasema kama birika. Akasema nyumba yao Shangazi akiwa zamu inakuwa kimya mno.

Sikutaka kujua hilo. Tukaapa kuviacha viti kama vilivyo. Alipokuwa anaaga akavigeuza viwili. Nilimwona kwenye kioo. Alipofika ngazi ya thelathini nikavirudisha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Saa tisa na nusu Bendera alimbeba Bibi. Bibi alishika kimto cha sindano mkono mmoja na sikio la Bendera mkono wa pili, akihesabu ngazi kwa sauti na kumwonya asimtikise, yeye si gunia la mkaa, alimzaa kwa shida. Bendera akasema ndiyo, Mama. Ngazi hamsini na moja za ndiyo, Mama.

Saa kumi kamili Dada wa Mita akabisha hodi. Gauni la maua, viatu vya kawaida, lakini tochi shingoni. Alisema ameisahau hapo, shingo imezoea. Shangazi akatazama viatu, akapumua.

Dada wa Mita akatazama viti. Akatazama watu walivyokaa. Akasema kwa upole tusimame sote, kila mtu akae karibu na ambaye hakuja naye.

Mimi na Asilimia tulitoa sauti moja, kama puto linalofunguliwa.

Baba akajikuta bega kwa bega na Shangazi kwenye kochi dogo. Mama akakaa na Asilimia. Bendera akakaa na mimi.

Sheria yake ilikuwa moja: mtu anaongea dakika mbili, na anayefuata hawezi kusema lake mpaka arudie aliyoyasikia, na mwenye maneno akubali kwamba ndivyo alivyosema. Baba akasema hiyo ni rahisi. Kisha Dada wa Mita akamgeukia Bendera na kumwomba aanze.

Bendera hajawahi kuanza kitu tangu azaliwe. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na upepo. Alikunja na kukunjua kofia yake yenye madoa ya rangi (anachora mabango ya maduka). Akasema yeye pia angependa Bibi akae kwake, lakini ana chumba kimoja na makopo ya rangi, hivyo hajawahi kusema, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema anawaitikia wote ndiyo kwa sababu mtu akiambiwa ndiyo haondoki kikaoni, na yeye anapenda wanapokuwa wote chumba kimoja. Hata wakigombana.

Mimi nilitazama mikono yangu. Miaka yote tunamwita vile, na mimi nilikuwa nimempangia kiti.

Shangazi alitakiwa kurudia. Akarudia mpaka kwenye "hata wakigombana," akatafuta leso. Kisha akasema lake: kila simu inapolia wodini anahisi ni ngazi. Siku moja alimchoma mgonjwa sindano huku anahesabu ngazi zetu kimoyomoyo. Baba akatakiwa kurudia. Alianza vibaya. Alisema Shangazi amesema nyumba yetu ni mnara. Dada wa Mita akasema hapana, hilo ni la mwezi uliopita, arudie la leo. Baba akakohoa. Akasema, "Amesema anaogopa." Kisha akamgeukia Shangazi, akamwambia, wewe mtoto, kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Shangazi akasema ulinipa nafasi lini?

Zamu ya Baba. Nilijua ataongea juu ya wajibu wa kifungua mimba. Hapana. Alisema kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani Bibi humwita mlangoni na kumrekebisha kola. Hata kola ikiwa sawa. Yeye ni mtu mzima wa miaka arobaini na minane na hajui ataupitaje ule mlango bila kurekebishwa. Mama, ambaye anazipiga pasi hizo kola, akasema yeye huacha moja imekunjika makusudi.

Kinyago kilitabasamu nyuma ya karatasi.

Dada wa Mita alikuwa ameandika mambo yetu yote. Akayasoma kwa sauti. Bibi amezoea hapa. Bibi anaogopa ngazi. Bibi hapendi kelele za stendi. Bibi anapenda manjano. Bibi hawezi kulala peke yake. (Hilo lilikuwa langu.) Karatasi nzima ilianza na Bibi. Akauliza nani amesoma haya, na ameyasoma wapi.

Baba akasema yanajulikana. Shangazi akasema mama ni mama. Asilimia akasema ana uhakika asilimia sabini.

Dada wa Mita akachukua kalamu, akaandika chini kwa herufi kubwa: MAKADIRIO. Akauliza mita yenyewe iko wapi.

Wote wakanitazama. Hata kinyago.

Nikasema iko kwa Mama Dobi. Nimeipeleka mimi.

Tulishuka sote. Ngazi hamsini na moja. Nilikuwa natunga jinsi ya kuomba msamaha.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwa Mama Dobi, kwenye kigoda, goti limenyooshwa juani, mguu mmoja barabarani kabisa. Vifungo alikuwa amemaliza. Mbele yake alisimama mwanamke wa kupita njia ambaye pindo la sketi lilikuwa limeachia, na Bibi alimshonea hukohuko amesimama, akimwambia asicheke, atachomwa. Yule mwanamke alicheka. Mama Dobi alicheka. Bibi alicheka kuliko wote, kofia ya jua kichwani, ya kuazima, kubwa kama sinia.

Sijaiona sura ile kwa wiki tano. Nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nalala karibu nayo kila siku na sikujua kwamba haipo.

Nilijua jibu kabla hajaulizwa. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nimeyapigia mstari kwa rula. Nikanyamaza.

Dada wa Mita akapiga magoti barabarani, kama anavyofanya siku zote, macho yakawa sawa na ya Bibi, akamuuliza yeye anataka nini.

Bibi akakata uzi kwa meno kwanza. Akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tumegombania kitanda chake wiki tano bila kumuuliza analalaje. Akasema anatupenda, na kwa upendo huo angekaa ghorofa ya tatu mpaka paa limwangukie kuliko kumvunja Baba moyo. Lakini kama anaulizwa, anataka mlango kama huu. Unatoa mguu, unakuta ardhi. Watu wanapita. Mtu pindo limeachia, unamwita.

Mlango wa namna hiyo anao Shangazi.

Baba akainama. Kola yake ilikuwa imekunjika. Bibi akainyoosha.

Kisha akatazama huku na huku akauliza nani atamtungia sindano. Asilimia akasema yeye, asilimia mia. Bibi akasema ahsante, lakini Asilimia anakata nyuzi ndefu, na uzi mrefu ni wa fundi mvivu. Akaninyooshea mkono. Akasema kila Jumamosi niende nimtungie za wiki nzima. Sindano sabini.

Nikasema sawa. Nikasema macho yananiwasha kwa sabuni ya Mama Dobi.

"Vitunguu hivyo," akasema Bibi.

Dada wa Mita hakugusa hata biskuti. Alipokuwa anaondoka alinong'ona kwamba nimefanya jambo moja sahihi: kumshusha Bibi chini. Nilitaka kumwambia sikukusudia. Lakini yeye hapendi kuambiwa mambo kabla wala baada.

Jumapili, 9 Juni

Bibi amehama. Bendera na Baba walibeba kitanda, wakabishana kila kona ya ngazi, Shangazi akiwaelekeza kutoka chini kama anayeegesha lori. Mfamasia alitokea kusaidia, hakuna aliyemwita.

Pazia la Asilimia ni zuri. Ila ni fupi kwa shubiri moja. Bibi alisema atalishusha pindo na kumfundisha, na Asilimia alifurahi sana hata akasahau kutaja kiwango.

Bibi aliniita pembeni. Akaniambia mke mwenzangu, mume wetu hayupo na nyumba sasa ni mbili, lakini uke wenza haujavunjika. Nikacheka, kisha nikasumbuliwa na vitunguu tena.

Chumbani kuna alama nne sakafuni, za miguu ya kitanda. Bado panakaa harufu ya kafuri. Mama aliingia akasema joto, nifungue dirisha. Nimemwambia nina mafua. Nikifungua itatoka yote.

Jumamosi, 15 Juni

Nimerudi kutoka kwa Shangazi. Sindano sabini! Vidole vimechubuka, lakini kila moja ina uzi wa urefu wa mkono wa Bibi kuanzia kwenye kiwiko, sawasawa.

Bibi anatembea na fimbo mpaka kwenye kona. Mtaa mzima unamjua. Amewashonea mapindo watu tisa, na kondakta mmoja mfuko. Baba hupita kila asubuhi kurekebishwa kola kabla ya kazi, amechelewa mara mbili, msimamizi wake amemuuliza kama amehama. Bendera huja jioni. Wanakuwa wote chumba kimoja bila kikao chochote. Sijui nilihangaika nini.

Tatizo limebaki moja. Nilipofika nilikuta kimtoni sindano kumi zimeshatungwa. Asilimia! Anasema alikuwa anajifunza tu. Anasema uzi wake sasa umefupika kwa asilimia arobaini. Anasema kwa kuwa yeye anaishi hapo, Jumamosi moja kati ya mbili iwe yake. Nikasema Jumamosi ni zangu, Bibi alitamka mbele ya mashahidi na mbele ya nguo za watu. Tukamwendea Bibi atuamulie. Akasema yeye anashona, tuamue wenyewe.

Njiani nimefikiri. Kundi limekwama. Kila mmoja anavutia ngozi kwake. Hapa panahitajika mwezeshaji kutoka nje!

Dada wa Mita atapita tarehe tano Julai. Mita nimeshaifuta leo, buibui alikuwa amerudi. Mabango ya sarakasi yapo. Maswali nimeandika matatu, ya haki kabisa, la kwanza likiwa: je, si vizuri Jumamosi ibaki kwa aliyeizoea?

Nimeangalia tena daftari la Uraia juu ya mwenye maslahi makubwa. Katika jambo hili ni Asilimia, bila shaka. Akiwepo atavuruga, na mimi sitaki ahuzunike akisikia tunavyomjadili. Basi siku hiyo tutakaa wawili tu, mimi na mwezeshaji.

Asilimia nitampeleka kwa Mama Dobi. Vifungo havikosekani.